Uwanja usio na tope: Majuto ya fundi wa betri wa Kibugu

Saa mbili na robo asubuhi, katika soko la Manyatta, Kaunti ya Embu, Ndwiga amekwisha kusema "hapana" mara mbili, na mteja bado hajaondoka.

Mteja huyo ni Mutembei, mchuuzi wa vyuma kuukuu kutoka Meru. Amesimama mbele ya kibanda cha mabati na mkokoteni wenye betri saba za magari zilizokufa. Anataka zipasuliwe, sahani za madini ya risasi zilizomo ndani zitolewe, ziyeyushwe na kugandishwa ziwe vipande vya kuuzwa kwa kilo.

"Ni saba tu, Baba Njeru. Saa moja umemaliza, unakula zako."

"Siyeyushi tena. Hata mwezi uliopita nilikwambia."

"Kumbe siku hizi umeokoka mpaka kwa betri?" Mutembei anauliza kwa sauti kubwa, na mshona viatu wa kibanda cha pili anaangua kicheko. "Huyu karibu atuombe sadaka!"

Ndwiga naye anatabasamu, ila mikono yake haiachi kukaza nati. "Kama kuna iliyo hai nikuchajie, iache hapo. Ya kuyeyusha, mpelekee mwingine. Na ukimpata, mwambie asirudi kwa watoto wake na nguo za kazi."

Mutembei anatikisa kichwa, anageuza mkokoteni. Mapato ambayo yangekuwa ya siku tatu yanaondoka nao.

Ndwiga ana miaka thelathini na minane. Ni mrefu, mpole, na anapozungumza huangalia kile anachokishika. Kwa miaka tisa amekuwa fundi wa betri hapa Manyatta. Enzi alipokuwa akiyeyusha risasi, siku nzuri ilimpa shilingi elfu moja na mia tano. Sasa anachaji, anapima, anabadilisha vichwa vya betri, na akibahatika hufikisha mia sita.

Hajutii pesa. Anachojutia kiko nyumbani Kibugu, kilomita chache juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya. Kina miaka sita na kinaitwa Kagwiria.

Anayeifahamu Kibugu anaifahamu kwa majani chai na kwa tope lake. Mvua ya Machi ikianza, udongo mwekundu hunata kwenye gambuti mpaka mtu anatembea kama amebeba matofali miguuni. Mwenye kikapu cha chai huteleza njiani kwenda kituo cha kuuzia majani akamwaga kazi ya asubuhi nzima. Ndani ya nyumba tope huingia na watu, mbuzi na kuku. Mtoto anayejifunza kutambaa huvishwa sweta mbili na kofia ya sufu, halafu dakika tano baadaye anaokotwa uwanjani akiwa mwekundu mpaka masikioni.

Ndivyo alivyokua Njeru, mtoto wa kwanza wa Ndwiga na mkewe Makandi. "Njeru alitambaa kwenye tope mpaka akaanza kutembea," anakumbuka Makandi, ambaye kwao ni Meru. "Kila jioni nilikuwa naosha mtoto kama ninaosha viazi. Alikohoa sana mwaka ule. Mume wangu alikuwa akimwangalia anasikitika. Akaapa mtoto wa pili hatatambaa hivyo."

Alipozaliwa Kagwiria, Ndwiga alikuwa na njia ya kutimiza kiapo hicho.

Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na lundo. Fundi akiyeyusha risasi kwenye sufuria ya chuma juu ya makaa, juu yake hupanda utando mchafu, mzito, ambao huenguliwa kwa upawa na kutupwa. Ukipoa hugeuka kuwa kitu kama jivu lenye changarawe. Lundo hilo, pamoja na maboksi meusi ya betri yaliyopondwa, lilikuwa likikua kila juma, na mwenye kiwanja alikuwa amemwambia aliondoe.

Ndwiga aligundua kwamba kitu hicho kikimwagwa chini na kushindiliwa, hushikana. Maji hayakai juu yake. Nyasi hazioti. Mguu hauzami.

Akalipeleka nyumbani kwa magunia, safari baada ya safari. Akatandaza kuanzia mlango wa jikoni mpaka kwenye tangi la maji, akashindilia kwa gogo, siku mbili mfululizo. Mvua ilipokuja, boma lake peke yake katika kijiji kizima halikuwa na tope.

"Watu walikuja kuangalia," anasema. "Wazee wananipa mkono. Wananiambia, wewe ni mwanamume, umewajengea watoto barabara ndani ya boma. Nilifurahi. Nisikudanganye, nilifurahi sana."

Na kwa kuwa si mchoyo, walipomwomba aliwapa. Aliwapelekea majirani wanne, magunia ishirini na mawili kwa jumla, bila kuwadai hata senti. Wa mwisho alikuwa Jedidah, mkulima wa chai ambaye boma lake limetenganishwa na la Ndwiga kwa ua wa miti. Jedidah alimpelekea Makandi lita mbili za maziwa kushukuru.

Kagwiria alitambaa kwenye uwanja mkavu. Alikaa hapo na vifuniko vyake vya chupa, akavipanga, akavitia mdomoni kama watoto wote wanavyofanya, akalamba vidole. Alikuwa msafi kila jioni.

Alipofika miaka miwili alikuwa na maneno sita. Alipofika mitatu, yalibaki manne.

"Nilihesabu," anasema Makandi. "Mama hujua. Kuna neno 'maziwa', alikuwa analisema. Siku moja likapotea. Nikamngojea alirudishe."

Tumbo lilimuuma mara kwa mara na choo kikawa kigumu. Macho yalipauka ndani ya kope. Alikuwa na hasira za ghafla, za kujigonga kichwa mlangoni, kisha analala. Walimpa dawa za minyoo mara tatu. Aliwahi kupata homa kali iliyomlaza siku nne, na baada ya hapo kijiji kikawa na maelezo yake: homa ilipanda kichwani. Ndwiga na Makandi waliyaamini pia.

Mwalimu wa chekechea ndiye aliyewasukuma. Aliwaita, akawaambia kwa upole kwamba Kagwiria hawezi kukaa na jambo moja hata kwa dakika mbili, na kwamba rangi nyekundu anayoijua leo, kesho haijui tena. "Msiniambie ni utundu," aliwaambia. "Watundu nawajua. Huyu anajaribu."

Ndipo wakateremka mpaka kliniki moja mjini Embu, wakakutana na mhudumu wa afya anayeitwa Ednah. Ednah alimpima mtoto, akasoma karatasi za hospitali zote walizopitia, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Baba anafanya kazi gani?"

"Fundi wa betri."

"Mtoto huwa anakuja kazini?"

Ndwiga anakumbuka alivyoharakisha kujitetea. Hapana, alisema, mtoto hajawahi kufika Manyatta kwenye moshi. Mtoto yuko nyumbani, tena nyumbani pasafi. "Nikamwambia, daktari, huyu mtoto wangu hajawahi kukanyaga tope tangu azaliwe. Nikaanza kumweleza vile nilivyotengeneza uwanja. Nilimweleza yote, mpaka idadi ya magunia. Nilikuwa najisifu."

Bisibisi iko mkononi lakini haifanyi kitu.

"Akaacha kuandika. Akaniangalia tu. Sikujua ninajishtaki."

Damu ya Kagwiria ilipelekwa kupimwa Nairobi. Majibu yalirudi baada ya majuma matatu: maikrogramu thelathini na nane za risasi katika kila desilita ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na linashauri hatua zichukuliwe mtu akifikisha tano tu.

Ednah huwaeleza wazazi jambo hili polepole, kwa sababu anajua wengi wanasikia mara ya kwanza. Risasi, anasema, inafanana na kalsiamu machoni pa mwili. Mwili wa mtoto unaokua una njaa ya kalsiamu ya kujengea mifupa, kwa hiyo risasi ikimezwa na vumbi la vidoleni, mwili huipokea kama mgeni aliyetarajiwa. Mtoto mdogo hufyonza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima. Nyingine hufichwa kwenye mifupa, na nyingine hufika kwenye ubongo.

"Miaka ya kwanza ubongo unaunganishwa kama nyumba inayowekwa stima," anasema Ednah. "Kila siku nyaya mpya. Risasi ikiingia wakati huo, nyaya nyingine haziunganishwi na nyingine zinaunganishwa vibaya. Tutaona kwa kuongea, kwa kukumbuka, kwa kutulia, kwa hasira. Na mzazi haoni jeraha popote. Mtoto anacheka, anakula, anaonekana mzima."

Ndwiga aliuliza dawa ni ipi. Ednah akamwambia kwamba kwa kiwango hicho dawa kubwa ni kumwondoa mtoto kwenye risasi, kumpa vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu (maziwa, omena, maharagwe, mboga za majani) na kumpima tena na tena. Risasi katika damu itapungua.

"Nikamuuliza, ikipungua, yale maneno yatarudi? Akaniambia, tutamfundisha mengine. Hakusema yatarudi."

Damu ya Ndwiga mwenyewe ilikuwa na hamsini na moja. Ule uchovu, maumivu ya viungo na kichwa alivyovibeba miaka yote akidhani ni kazi ngumu, vikapata jina. Lakini hilo halikumuuma. "Mimi ni mtu mzima," anasema. "Mimi nilienda kuitafuta. Yeye niliileta nikamtandikia."

Makandi alimchukua Kagwiria akaenda kukaa naye kwa dada yake mtaa wa Dallas, mjini Embu, kwa miezi miwili. Kwa maelekezo ya afisa wa afya ya umma, Ndwiga alinyunyizia maji uwanja wote ili vumbi lisiruke, akafunga kitambaa puani, akachimba futi nzima kwenda chini. Alijaza jivu na udongo wake kwenye magunia mazito, akayazika kwenye shimo lililotandikwa karatasi ya nailoni, mbali na mto na mbali na shamba, akafunika kwa saruji. Akaleta murram, changarawe ya kutengenezea barabara, na kokoto. Siku hizi huoga na kubadilisha nguo kibandani kabla ya kupanda kwenda nyumbani, na nguo za kazi zina karai lake.

Kisha akaenda kwa majirani. Aliwaambia: ile kitu niliwapa ni mbaya, daktari amesema, naomba nije niitoe. Watatu walikubali. Wawili kati yao hawana watoto wadogo, na wa tatu alishukuru tu kupata murram ya bure. Kila Jumamosi kwa karibu mwaka mzima Ndwiga alikuwa kwenye boma la mtu na jembe na ndoo ya maji.

Jedidah alikataa.

"Ulinipa kwa mkono wako ukicheka," alimwambia mara ya kwanza, huku akigeuza maharagwe aliyoyaanika uwanjani. "Sasa unataka kuninyang'anya? Mvua ikinyesha nitaanika wapi, kwa kichwa chako?"

Mara ya pili alimtania kwamba bila shaka amepata mtu wa kumuuzia. Mara ya tatu hakutania. "Baba Njeru, kama ni mbaya, mbona sisi hatujaugua? Mimi niko, bwanangu yuko, kuku wako. Niache na uwanja wangu."

Uwanjani, karibu na miguu yake, alikuwa ameketi mwanawe Njagi akigonga kijiko kwenye sufuria.

Kilichomfanya Jedidah asielewe ni jambo ambalo Ndwiga alikuwa hajamwambia yeye wala mtu yeyote Kibugu. Kijiji bado kiliamini kwamba Kagwiria aliharibiwa na homa. Watu walimpa pole kwa homa ile, kanisani waliomba kwa ajili yake, na Ndwiga aliinamisha kichwa akaitikia amina. Aliwaonya majirani kuhusu jivu, lakini hakuwahi kulitaja jivu na binti yake katika sentensi moja.

"Niliona aibu," anasema. "Mtu akijua umemwumiza mtoto wako mwenyewe, atakuangalia vipi? Nikasema, nitachimba tu kimya kimya. Nikimaliza kuchimba, hakutakuwa na haja ya kusema."

Makandi hakumlazimisha. Naye alikuwa na hofu yake. "Sikutaka mtoto wangu awe mfano wa kuonyesha watu," anasema. "Eti angalieni huyu. Ana shida za kutosha." Wakakaa hivyo, mwezi baada ya mwezi, huku upande wa pili wa ua Njagi akianza kutambaa, kisha kusimama.

Majuma mawili yaliyopita, Jumapili, walikuwa wametoka kanisani. Jedidah alikuwa njiani mbele yao na Njagi mgongoni, akasimama wafike. Alitaka kumuuliza Makandi jambo. Njagi amekuwa akifunga choo, alisema, na tumbo linamsumbua. Ile dawa ya minyoo waliyompa Kagwiria zamani iliitwaje?

Makandi alimwangalia mumewe.

"Si minyoo," Ndwiga akasema.

"Unajuaje?"

"Mama Njagi, Kagwiria hakuharibiwa na homa. Ni ule uwanja. Walimpima damu wakaikuta risasi, ile ile ya betri. Imemwingia kwa kichwa na haitoki yote. Ni mimi niliileta. Na hiyo yako pia ni mimi."

Jedidah alimvuta mtoto kutoka mgongoni akamleta mbele, akamshika kwa mikono miwili. Akamfungua vidole, akaviangalia kimoja kimoja, kama anayeweza kuiona risasi.

"Mmejua lini?"

"Mwaka juzi. Desemba."

Alihesabu, midomo ikienda. "Njagi alikuwa na miezi miwili," akasema.

Ndwiga angeweza kumkumbusha kwamba alimwonya mara tatu. Hakumkumbusha. "Nilimwonya kama mtu anayeficha kitu, na nilikuwa nakificha. Ningemwambia ukweli siku ya kwanza, angechimba mwenyewe kwa kucha."

Jedidah aliondoka bila kuaga. Jioni hiyo aliwahamishia watoto wake nyumbani kwa mama yake. Maharagwe yaliyokuwa yameanikwa aliyachimbia chini yote, gunia na nusu. Siku mbili baadaye alikuja kwenye ua wa miti akaita, hakuingia. Alitaka jina la ile kliniki. Ndwiga alimwomba waende pamoja, akadhani atafukuzwa.

"Akaniambia, utaenda, kwa sababu wakiuliza hiyo kitu ilitoka wapi wewe ndiye utajibu."

Walienda. Ndwiga akaketi mbele ya Ednah kwa mara nyingine, akaeleza tena kuhusu magunia, safari hii kwa sauti ya chini. Damu ya Njagi imepelekwa Nairobi na majibu yanangojewa wiki ijayo. Ednah amewaambia kwamba miezi kumi na sita si sawa na miaka minne, na kwamba kila siku mtoto akiwa mbali na uwanja ule ni siku iliyookolewa. Hakuwaahidi zaidi ya hapo.

Kagwiria sasa ana maikrogramu ishirini na moja. Anarudia chekechea, huku watoto wa rika lake wakiwa darasa la kwanza. Ana maneno mengi kiasi, ingawa huyatoa moja moja, kwa juhudi, kama anayeokota vitu vilivyomwagika. Kuna shule mjini yenye darasa maalumu na mwalimu anayejua watoto wa aina yake, na wazazi wake wanatumaini atapata nafasi muhula ujao. Neno "maziwa" hajalirudisha. Anaonyesha kwa kidole.

Ndwiga ameongea na mafundi wengine wawili wa Manyatta kuhusu kuyeyusha risasi. Mmoja alimsikiliza. Mwingine alimwambia aende akahubiri kanisani. Anapanga kurudi kwake, na safari hii ataanza kwa kumweleza habari za binti yake. Makandi amekubali, mradi Kagwiria mwenyewe asiwepo.

Lakini kwanza kuna boma la Jedidah. Mvua iko karibu, na ikinyesha kabla kazi haijaisha, maji yatalibeba jivu mpaka kwenye mboga. Jedidah ametuma ujumbe mfupi kupitia kwa Makandi: waje Jumamosi, waje mapema, na yeye atakuwepo na jembe lake. Hakuongeza salamu.

Ndwiga ameazima pampu ya kunyunyizia maji. Magunia amekwisha kuyanunua, na shimo ameanza kulichimba.

"Nitaanzia mlango wa jikoni," anasema. "Hapo ndipo Njagi alikuwa anakaa sana."